Mkono wa Gia wa Bi Mudira

Siku yangu ya kwanza kazini Maskati nilivaa suruali nyeupe. Mke wangu Moza aliipiga pasi mpaka ikataka kusimama peke yake, akaniambia, "Mtu hukumbukwa kwa alivyoingia." Alisema kweli, ingawa si kwa namna aliyoikusudia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Unguja kuwafuata ndugu zangu waliotangulia, na mmoja wao akanitafutia nafasi katika karakana ya serikali, pahala palipotengenezwa magari ya maidara. Ufundi nilikuwa nao. Niliupata kwa kutazama na kwa kupigwa makofi ya kisogo katika gereji ya mjomba wangu Mikunguni, ambako kila gari ilikuwa ya kukanyaga klachi. Skuli niliiacha mapema. Kiswahili nikisoma, Kiarabu nikisoma, lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, tena maji yenyewe yawe karibu niweze kuyaonesha kwa kidole.

Mkuu wa Karakana alikuwa askari mstaafu kutoka upande wa Nizwa, mrefu, ndevu nyeupe, hajui neno la Kiswahili. Aliniuliza kwa Kiarabu, "Giaboksi ya otomatiki unaijua?"

"Nnaijua," nikamjibu.

Sikuwa nimewahi kuiona hata iliyofungwa, seuze iliyofunguliwa.

Kwa nyinyi vijana, nieleze kidogo. Katika gari ya klachi, dereva ndiye anayebadilisha gia kwa mkono na mguu wake. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Ndani ya giaboksi mna kibao cha chuma chenye njia nyembamba zinazopindapinda, na mafuta husukumwa humo kwa nguvu, yakifunguliwa huku na kuzibwa kule. Vinavyofungua na kuziba ni vali pamoja na gololi ndogo za chuma, kila gololi na kitundu chake. Ikikosekana moja, gari itakwenda inavyotaka yenyewe.

Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilikifungua kibao kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Kikaachia ghafla, gololi zikaruka. Vitundu vilikuwa saba, na mimi niliokota gololi sita. Nikapiga magoti na suruali yangu nyeupe, nikaingia chini ya meza, chini ya kabati, chini ya gari ya jirani. Mkuu wa Karakana akaja na kikombe chake cha kahawa, akasimama ananitazama. Akapeleka kikombe mdomoni, akanywa, akasita, kisha akatoa ulimi. Gololi ya saba ilikuwa juu yake.

Akaipangusa kwa ncha ya kilemba, akanipa. "Kama kazi huijui, uliza," alisema. "Na kama unaijua, uliza vilevile, kwa sababu mimi nna meno manne tu yaliyobaki."

Nilikaa kwake miaka minne. Alinifundisha giaboksi kwa mdomo na kwa vidole, bila ya kitabu hata kimoja, na mwisho wake nikawa fundi wa kweli. Lakini ule ushauri wake sikuufuata. Neno "nnajua" lilikuwa limeshakaa mdomoni mwangu kama jino la dhahabu, na sikuwa tayari kuling'oa.

Kutoka hapo nilihamia kwa wakala mmoja wa magari. Huko kulikuwa na sakafu inayong'aa, viyoyozi, na Meneja wa Huduma aliyetoka Kerala, mtu mpole wa tai na kalamu tatu mfukoni. Kila jambo kwake lilikwenda kwa karatasi. Gari ikiingia ina karatasi, ikitoka ina karatasi, na zote kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na ujanja wangu. Nikipewa karatasi nnajipapasa mfukoni, nnasema, "Lo, miwani nimeisahau nyumbani," kisha nnampa fundi wa umeme anisomee.

Nilikuwa sina miwani. Macho yangu yalikuwa mazima kama ya mwewe.

Ujanja huo ulinifaa miezi saba. Siku moja Meneja wa Huduma akaniita ofisini, akanipa kijikasha. "Fundi Seif," aliniambia kwa Kiarabu chake cha dukani, "nimeona unahangaika. Hii zawadi yangu mimi mwenyewe." Ndani mlikuwa na miwani mizito kama vitako vya gilasi.

Mtu amekufanyia wema, utafanyaje? Nikaivaa. Niliivaa kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Nikiona spana mbili pahala pa moja, na mara nyingi nikishika ile isiyokuwepo. Kichwa kiliniuma mpaka Moza akadhani nimefanyiwa jambo, akataka kuniitia shekhe. Na karatasi zenyewe bado sikuweza kuzisoma, ila sasa herufi zilikuwa kubwa zaidi.

Meneja alipotangaza kwamba mafundi wote watafanya mtihani wa kuandika, niliacha kazi wiki ile ile. Nilimwambia mgongo unaniuma. Akanisikitikia sana, akaniombea dua ya dini yake, na mimi nikatoka nimeona haya kuliko mwizi.

Ndipo nikafika Ghala, kwenye eneo la viwanda, ambako gereji zimepangana ubavu kwa ubavu na kila mlango una kelele yake. Mwenye gereji alikuwa Bwana Hilal. Sote tulimwita Arbab, kama Ghuba nzima inavyomwita mwenye kazi. Yeye alizaliwa Kigoma, akakulia dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Yeye akisema "gari hili," mie nikisema "gari hii," na wateja wakisema kwa Kiarabu, na kazi ikienda. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Ofisi yake ilikuwa kona ya nyuma ya gereji, imezungushiwa ukuta wa plaiwudi wenye kidirisha na pazia, ndani mna meza, kiyoyozi na chai ya maziwa isiyokatika. Karatasi yoyote ya Kiingereza ikimfikia alikuwa akiisukuma kando. "Mimi ni mtu wa watu," alikuwa akisema, "si mtu wa makaratasi." Nikajiona nimefika peponi.

Asubuhi moja, nadhani mwaka wangu wa pili pale, tukasikia mngurumo barabarani uliofanya vikombe vigongane kwenye sinia. Ikaingia gari ya Kimarekani ya milango miwili, boneti refu, rangi ya samawati iliyokoza na mistari miwili myeupe, injini ya V8. Sisi sote tukaacha kazi tumtazame kijana gani huyo. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamama mfupi ndani ya abaya, miaka hamsini na kitu, miwani puani, mkoba mkononi. Kwenye kiti chake mlikuwa na mito miwili ya kumnyanyua aone mbele.

Huyo ndiye Bi Zuwena. Alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, na mwalimu mkuu wa kike huku huitwa mudira, kwa hivyo mji mzima ulimwita Bi Mudira, hata watu waliomzidi umri.

"Shikamoo, Bi Mudira," nikasema.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Unguja. Mikunguni."

"Mimi Malindi, Unguja hiyo hiyo. Basi hatutahitaji kuelezana sana." Akafungua buti, akatoa kasha. "Dada yangu anakaa Qantab, na kila Ijumaa nnakwenda kumtazama. Ule mteremko unaujua?"

"Nnaujua," nikasema, na kwa mara hiyo moja nilikuwa nasema kweli. Njia ya kuteremkia Qantab imebanwa na majabali, inajipinda, na inashuka kama mtu anayeshuka kisimani.

"Mkono wa gia wa gari hii umechoka. Nikiurejesha nyuma kutafuta gia ya pili, unapitiliza mpaka ya kwanza, gari ikalia kama mbuzi wa Idi. Nikiuacha kwenye D, breki zinanuka mpaka chini. Kwa hivyo nimeagiza huu."

Ndani ya kasha mlikuwa na mkono mpya wa gia, wa chuma kinachong'aa, kebo yake, vibati vya kufungia, swichi ndogo, na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Mkono wa namna ile una meno ndani yake. Ukiuvuta mara moja, gia inashuka moja tu, kisha mkono unarudi wenyewe kusubiri uuvute tena. Haupitilizi hata ukiuvuta kwa hasira.

"Umewahi kufunga kitu hiki?" akaniuliza.

"Nnajua, Bi Mudira."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Sikukuuliza kama unajua. Nimekuuliza umewahi?"

Arbab akadakia kunisaidia. "Huyu? Mama, huyu kafunga mpaka kachoka! Hapa Ghala wote wanakuja kumuuliza yeye." Sijui aliutoa wapi uongo ule, lakini ulikuwa mzuri, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Arbab akaichukua karatasi ya maelezo. "Hii nitaisoma mimi ofisini, yeye afunge." Akaondoka nayo, akaiweka mezani, akaweka kikombe cha chai juu yake.

Kazi ilinichukua siku mbili. Nililing'oa kasha la katikati ya viti, nikautoa mkono wa zamani pamoja na swichi yake. Swichi hiyo ni mlinzi: huruhusu injini kuwaka mkono ukiwa kwenye P, yaani gari imeegeshwa, au N tu. Nikatoboa sakafu, nikapitisha kebo mpya mbali na bomba la moshi isije ikaungua, nikafunga mkono mpya na swichi yake mpya. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu chuma kwa chuma mimi nilikuwa sihitaji kusomewa.

Ikabaki kuunga kebo na kijiti kilichopo ubavuni mwa giaboksi, chini ya gari. Kijiti hicho kina vituo vyake, kliki kwa kliki, na ndicho kinachoiambia giaboksi dereva anataka nini. Nikauweka mkono kwenye P, nikaingia chini. Pini ya kebo ikakataa kuingia kwenye kitundu cha kijiti. Ilipungua kidogo tu, kama upana wa kidole. Kwenye kebo mlikuwa na nati ya kurekebishia urefu, na karatasi ilieleza jambo hilo kwa herufi nzito, lakini karatasi ilikuwa chini ya chai. Mie nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya Mikunguni: nikakisukuma kijiti kikafuate pini. Kikapiga kliki moja. Pini ikaingia tii. Nikasema alhamdulillahi.

Bi Mudira alikuwa ameshakuja kuichukua gari yake, amesimama uwanjani mbele ya gereji na mkoba wake. Nikakaa nusu kitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje sakafuni, kama tunavyokaa mafundi tukitaka kuisikiliza injini tu. Mkono uko kwenye P. Nikazungusha ufunguo.

Injini ikanguruma, na gari ikarudi nyuma.

Mguu wangu wa nje ukaanza kurukaruka wenyewe kuifuata gari. Nikapiga kelele, "Imo kwenye P! Imo kwenye P!" kana kwamba gari ikisikia itaona haya. Haikusikia. Ikarudi moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa plaiwudi, ukuta ukapasuka, na buti ikaingia ofisini ikasimama kwenye meza ya Arbab.

Vumbi lilipotulia nikamwona mwenyewe kwenye kioo, kikombe mkononi, hakuna tone lililomwagika.

"Seif," akasema taratibu, "nilikwambia uniletee ripoti ofisini. Ripoti, bwana. Sikusema gari."

Mimi akili ilikuwa imeniruka. Nikadhani P imeharibika, nikaona bora niuvute mkono mpaka N, pahala pa frii, gari itulie. Nikauvuta. Gari ikaruka mbele, ikatoka ofisini na kidirisha na pazia juu ya buti, ikaelekea uwanjani. Na uwanjani alikuwepo Bi Mudira.

Hakukimbia. Nadhani miaka yake yote ya kuzuia wasichana wakimbiao kwenye ukumbi wa skuli ilimfundisha kwamba anayesimama ndiye anayesimamisha. Mimi nikaingiza mguu wa pili, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari ikapiga magoti ikakwama. Baina ya bampa na abaya yake palibaki hatua mbili. Nikazima. Nilikaa pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikafahamu kwamba ningeweza kumuua mtu kwa sababu ya neno moja la kujisifu.

Kosa lilikuwa la kliki moja. Nilipokisukuma kijiti, kila kituo kilisogea: mkono ukiwa P, giaboksi ilikuwa rivasi, mkono ukiwa R, ilikuwa frii, na mkono ukiwa N, ilikuwa inakwenda mbele. Na swichi mpya, maskini, ikiutazama mkono tu, ikaona P, ikaruhusu injini iwake.

Bi Mudira akaja mpaka mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Nani alisoma ile karatasi?"

"Arbab," nikasema.

"Mimi?" Arbab alikuwa anatokea kwenye tundu la ukuta, vumbi kichwani. "Fundi ndiye anayesoma! Mimi nimeihifadhi tu."

"Ulisema utaisoma wewe."

"Nilisema ili mama atulie!"

"Kwa hivyo hakuna aliyeisoma," akasema Bi Mudira. "Ilete."

Arbab akaileta. Ilikuwa na duara tatu za chai. Bi Mudira akanipa mimi. "Soma mstari wa kwanza."

Nikajipapasa mfukoni kutafuta miwani, kwa mazoea. Kisha nikaitazama abaya yake, na lile pengo la hatua mbili, nikautoa mkono mfukoni mtupu. "Sijui, Bi Mudira," nikasema. "Kiingereza sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Nilikuwa nasubiri kufukuzwa. Nikamtazama Arbab aseme neno lake. Arbab akakohoa, akafuta uso kwa shuka, akatazama juu.

"Hata mimi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Baba alinitoa shule nikae dukani. Hizo barua zote... huwa nampelekea mke wangu."

Bi Mudira akatutazama mmoja mmoja. Akavuta matairi mawili ya zamani, akayalaza chini. "Kaeni," akasema. Tukakaa. Mtu wa miaka arubaini na mwenziwe wa hamsini na tano, juu ya matairi, katikati ya Ghala, na mafundi wa gereji za jirani wamejaa mlangoni wamekuja kutazama ukuta uliovunjika.

"Hizi P, R, N, D umezishika kila siku," aliniambia. "Zina maana gani?"

Hapo nilikuwa na jibu, maana nilijiwekea mwenyewe tangu karakana ya serikali. "P ni Pumzika. R ni Rudi. N ni Ngoja. D ni Dereva twende."

Mabega yakaanza kumtikisika, akavua miwani, akacheka mpaka akaegemea gari. "Maneno yote umekosa," alisema alipopata pumzi, "na maana zote umepata. Haya, ingia chini."

Tukaifanya kazi upya. Yeye alikaa juu ya tairi akisoma mstari mmoja kwa Kiingereza, akiutia Kiswahili, na hasongi mbele mpaka nimeurudia kwa sauti kutoka chini ya gari. Nikaitoa pini. Nikakirejesha kijiti mpaka kituo chake cha mwisho kabisa, ambacho ndicho P ya kweli. Nikaizungusha nati, nusu duara kwa nusu duara, mpaka pini ikaingia yenyewe bila ya kusukumwa na mtu. "Hapo pameandikwa nini, Bi Mudira?" niliuliza. "Pameandikwa usitumie nguvu," akajibu. "Na mimi nnaongeza: wewe khasa." Kisha tukatia magogo nyuma ya magurudumu na kupima kila kituo injini ikiwa imezimwa, mmoja juu, mmoja chini, tukiitana kama waadhini. Arbab alipewa kazi ya kusimama nyuma ya gari kutazama kama taa za rivasi zinawaka. Alisimama mbali sana.

"Sasa tunakwenda Qantab," Bi Mudira akasema. "Sote wawili. Fundi asiyepanda gari aliyoifunga, mie simwamini."

Sitasahau safari ile. Yeye alikaa juu ya mito yake, mikono miwili kwenye usukani, akiendesha kama mtu aliyechelewa kengele. Tulipofika juu ya mteremko tukamkuta mbele yetu dereva wa lori la maji, na mbele ya lori, kwenye kona, mbuzi wameamua kuvuka. Lori likafunga breki. Mimi nilikanyaga sakafu mpaka mguu ukauma, wakati breki haiko upande wangu. Nikaanza kutoa shahada.

Bi Mudira akauvuta mkono mara moja. Kliki. Injini ikapandisha sauti, gari ikajishika. Akauvuta mara ya pili. Kliki. Boneti lile refu likainama, mwendo ukakatika kama mtu aliyeshikwa kanzu kwa nyuma, na tukalifuata lori taratibu, breki zimeguswa kidogo tu mwishoni. Mkono haukupitiliza. Mbuzi walivuka kwa heshima zao, wa mwisho akasimama kututazama.

"Shahada umeifikisha wapi?" akaniuliza, macho mbele.

"Nusu, Bi Mudira."

"Imalize tu, haipotei."

Tulipofika chini kwa dada yake nilitiwa ndani nikalishwa wali na samaki, na dada akauliza kwa nini fundi anatetemeka. Bi Mudira akamwambia nimefanya mtihani na nimefaulu.

Arbab hakunifukuza. Angenifukuza kwa kosa gani ambalo yeye hakuwa nalo? Baada ya wiki ile, kila Jumanne baada ya sala ya alasiri, tulikwenda sote wawili nyumbani kwa Bi Mudira, tukakaa barazani kwake na madaftari ya watoto. Arbab alikuwa akinipiga chabo. Siku moja alinakili mpaka jina langu, akaandika Seif juu ya daftari lake, akaambiwa asimame kona. Alisimama, na mwili ule, na gereji yake mwenyewe. Ilituchukua miaka miwili na zaidi. Alipoweza kuisoma barua yake ya kwanza ya manispaa bila ya kusaidiwa, aliisoma kwa sauti gereji nzima isikie, ingawa ilikuwa inamlaumu kwa kuweka matairi barabarani.

Mikono ya gia ya namna ile nimeifunga mingi baada ya hapo. Vijana wa Maskati walianza kuleta magari ya Kimarekani moja baada ya moja, wakiniletea na makasha yao, na mimi kabla ya kushika spana nilikuwa nnakaa kitako nnasoma. Wengine walikasirika. "Fundi gani huyu anayesoma?" Nikiwaambia waende wakaulize kwengine. Arbab alifungua tawi jengine, akanifanya msimamizi wake, na huko nikafundisha mafundi niliowakuta, Waomani na wageni, na kila aliyenijibu "nnajua" nilimuuliza kama amewahi. Bi Mudira aliendesha gari yake ile mpaka alipostaafu, na baada ya hapo kidogo. Alifariki kwa maradhi ya kawaida ya uzee, nyumbani, na msibani nilikutana na wanawake wasiohesabika waliosema aliwafundisha kusoma. Mimi na Arbab tulikuwa wanaume wawili tu wa kusema hivyo, na tulisema.

Nimestaafu sasa. Mgongo ambao nilimdanganya nao yule Meneja wa Huduma umekuja kuniuma kweli, nami nnaupokea bila ya kulalamika. Watu huniuliza nini nnachokikosa. Si grisi, wala si kelele. Nnakosa ile dakika pini inapoingia yenyewe, na kule kunyamaza kunakofuata, kabla mtu hajazungusha ufunguo. Kazi za siku hizi zinafanywa kwa kompyuta. Unaichomeka chini ya dashibodi inakwambia gari inaumwa wapi. Sizibezi. Gari nazo zimekuwa na adabu zao mpya, na mtu mzima lazima ajifunze salamu zao.

Mwezi uliopita binti yetu alituletea gari mpya mlangoni, zawadi kwa mama yake na mimi. Nikafungua mlango, nikakaa, nikatafuta mkono wa gia. Haukuwepo. Palikuwa na kidude cha duara cha kuzungusha, kama cha redio. Siku hiyo hiyo tulialikwa harusi Al Khuwair. Moza akajipamba, akajitia udi, akakaa kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani. Mimi nikafungua kabati la mbele, nikatoa kitabu cha maelezo, nikaanza ukurasa wa kwanza.

"Baba watoto," akasema baada ya muda, "harusi ya watu itakwisha."

"Nimefika ukurasa wa thalathini na nane."

"Kina kurasa ngapi?"

"Mia nne na kitu."

Moza akafungua mlango ashuke akatafute teksi. Gari ikaanza kulia, ting, ting, ting, na taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Akanigeukia. "Inasema nini?"

"Sijui," nikamwambia, nikafungua nyuma ya kitabu, kwenye orodha ya taa. "Ngoja nisome."